Mali ya Umma na Mtu Asiye na Cheti

Katika darsa yetu ya juzi tulikuwa tukisoma mafungu manane ya zaka. Tulipolifikia fungu la ibnu sabil, yaani msafiri aliyekatikiwa na njia, mwenzetu mmoja aliuliza: Je, mtu aliyeingia nchi bila ya ruhusa, kisha akakaa, ana haki gani katika mali ya serikali? Ukazuka ubishi hata ikaadhiniwa Isha.

Waliokataa walikuwa na hoja, wala hatuidharau. Walisema hazina ni ndogo, raia wenyewe hawatoshelezwi, na mwenye kuvunja sheria hafai kutangulizwa mbele ya aliyeitii. Hili la mwisho ni kweli. Lakini hakuna aliyetaka atangulizwe. Linaloulizwa ni kama afungiwe mlango.

Na tumtazame kwanza ni nani huyu. Wapemba wa pwani yetu walivuka bahari, wengine kwa kufuata samaki, wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wakaoa, wakazaa, wakazika. Hata hivyo, mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023 kuwa ni jamii miongoni mwa jamii za Kenya, wengi hawakuwa na kipande. Asiye na kipande hapati leseni ya kuvua. Basi huvua kwa kujificha, na samaki wake huuzwa kwa bei aitakayo mnunuzi. (Na mnunuzi huyo, tuseme haki, mara nyingi alikuwa ni sisi, tuliosimama naye safu moja alfajiri.) Miaka yote hiyo walilipa kodi. Hakuna duka lililomwuliza mtu kipande kabla ya kumtoza kodi iliyomo katika bei ya sabuni.

Imepokewa katika Kitabul Kharaj cha Abu Yusuf kwamba Sayyidna Umar alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba milangoni mwa watu. Akamchukua nyumbani kwake akampa, kisha akaagiza mweka hazina amwangalie yeye na walio mfano wake, kwa kuwa aliona si uadilifu kutozwa ujanani na kutupwa uzeeni. Atasema mtu: yule mzee alikuwa na ahadi, huyu hana. Naam, na kwa hiyo hatusemi apewe kura wala cheo. Twasema atibiwe augua, na mwanawe asomeshwe.

Ama mtoto, hoja yake ni nyepesi zaidi. Huko Marekani, jimbo la Texas lilitunga sheria mwaka 1975 ya kunyima fedha za masomo ya watoto walioingia nchini kinyume cha sheria. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliibatilisha, majaji watano kwa wanne, kwa kuona kwamba mtoto hakuchagua njia aliyopitishwa na wazazi wake. Wale wanne nao hawakusema kuwa sheria ile ni njema. Walisema tu kwamba si kazi ya mahakama kuiondoa.

Lililobaki ni zile shilingi 2,000 za kila mwezi wanazopewa wazee wa miaka 70 na zaidi. Hapo hatukuafikiana. Baadhi yetu walishikilia kuwa ni za raia peke yao, nasi tuliokuwa tungali twamfikiri yule mzee wa Sayyidna Umar hatukuweza kuwafuata.