MWIZI! MWIZI! JE, UMEMSIKILIZA?

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Makuyuni, Korogwe, Handeni au popote, hebu simama kidogo. Nina swali moja tu. Kelele ya "Mwizi!" ikipigwa kando ya barabara, mkono wako utaokota nini?

Wengi husema, "Tumemwona kwa macho! Ana kuku wa watu mkononi! Ushahidi gani tena?" Sawa. Lakini umeona nini hasa? Umeona mtu anakimbia na watu wanamkimbiza. Aliyeanza kelele ni nani? Labda wanadaiana. Labda wana ugomvi wa shamba. Hujui! Na jiwe lako nalo halijui.

Fungua Mwanzo. Mungu ajuaye yote alimwuliza Adamu kwanza, kisha akamwuliza na Kaini. Je, alikosa habari? Hapana! Hata mwenye kosa la wazi alipewa nafasi ya kujibu.

Jambo hili lilifika hata mahakamani. Mwaka 1723, huko Uingereza, mahakama iliamuru Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie msomi Richard Bentley shahada zake, kwa maana alivuliwa bila kusikilizwa. Jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Adamu alisikilizwa kabla ya adhabu. Ndugu yangu, ikiwa shahada ya chuo haiondolewi hivi hivi, JE, UHAI WA MTU?

Katiba yetu ya 1977 inasema jambo hilohilo katika Ibara ya 13(6), iliyoingizwa mwaka 1984: mtu asikilizwe kikamilifu, na asitendewe kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Haki hiyo haikuwekwa kwa kuwapenda wezi. Iliwekwa kwa ajili yako wewe, siku utakaposingiziwa.

Utasema, "Eti tumpeleke polisi? Kesho utamwona mtaani!" Kumbuka, dhamana si kufutiwa kesi. Na kama yuko mtu aliyekula rushwa, huyo naye ashitakiwe. Kosa ni la mla rushwa. Mbona kipigo anakula mwingine?

Tena pima mwenyewe. Adhabu ya haki hulingana na kosa, huonya wengine, humrekebisha mkosaji. Kuku kwa roho ya mtu, hiyo ni mizani gani? Na maiti hujirekebisha lini? Kwa wizi wa kuku sheria inataja kifungo. Tairi na petroli haimo.

Usijidanganye na wingi. "Tulikuwa wengi" si utetezi. Akifa mikononi mwenu, hayo ni mauaji, na aliyerusha jiwe moja anaweza kujibu sawa na aliyerusha kumi.

Basi ufanye nini? Sheria inaruhusu raia kumkamata anayeiba mbele yake. Mkamate, mzuieni wasimpige, mwiteni mwenyekiti, mkabidhini polisi bila kuchelewa. Mwenye kuku naye aende akatoe ushahidi.

Ndugu, siku moja utashuka basi usiku mahali usipojulikana, na kidole kitakuelekea wewe. Utalia upate mtu mmoja tu wa kusema, "Ngojeni jamani, tumsikilize kwanza!"

MTU HUYO, HAPA KWENU, AWE WEWE. AMUA LEO, kabla kelele haijapigwa.