Watamwamini?

Mimi ni mwandishi wa habari, nakaa Usagara, hapa Tanga. Kesi za ubakaji wa watoto siziangalii, nazisubiri. Ushahidi wake husikilizwa faragha, kwa hiyo sisi wa magazeti hubaki kwenye benchi la nje. Siku moja nilikaa jirani na mama ambaye binti yake alikuwa ndani. Yeye naye alikuwa shahidi, hakuruhusiwa kuingia mpaka zamu yake. Akaniuliza, "Kaka, watamwamini?"

Nikamjibu, "Watamwamini dada, inshallah." Jibu lile linanisumbua hadi leo.

Kisheria halikuwa jibu baya. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na tangu hapo mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, mradi iridhike kwamba amesema kweli tupu na iandike sababu za kuridhika. Mahakama ya Rufani nayo imeshikilia kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Ni haki tupu. Nani hufanya unyama ule mbele ya mashahidi? Hata fomu ya PF3 inaonyesha jeraha tu, haimtaji aliyelisababisha.

Lakini Mahakama hiyo hiyo imesema pia kwamba neno la mwathirika lisipokewe kama Injili, lazima lipimwe. Nakubaliana nayo, ingawa kwa shingo upande. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na maisha ikiwa mtoto ana umri chini ya miaka 10. Aliye kizimbani naye ana mama. Na huku mtaani tunajua ugomvi wa kiwanja au wa wake wenza unavyoweza kumtia mtoto maneno mdomoni. "Lisemwalo lipo" ni hekima ya barazani, haifai kuwa hukumu.

Sisi wa barazani hatupimi, tunachagua upande. Kumbuka kesi ya Nguza Viking, Babu Seya. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 pamoja na wanawe. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wawili kati yao, yeye na Papii Kocha wakabaki gerezani hadi msamaha wa Rais, Desemba 2017. Miaka yote hiyo nilisikia watu wakibishana, na wengi walianzia kwenye nyimbo zake. Wachache sana walianzia kwenye yale ambayo watoto walisema mahakamani.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema ukweli na si uongo. Ni jambo la dakika chache tu. Mwaka 2019, katika rufaa iliyotoka Bukoba, Mahakama ya Rufani ilikuta mtoto amesikilizwa bila ahadi hiyo. Ushahidi wake ukawekwa kando, uliobaki haukutosha, mfungwa akaachiwa. Mwaka 2022 Mahakama ililegeza kidogo: ahadi ikikosekana, hukumu bado inaweza kusimama kama hakimu ameridhika na ukweli wa mtoto na ameandika kwa nini. Tazama, tumerudi kwenye kalamu ya hakimu.

Ukisoma hukumu hizi nyingi utaona kitu. Tunadhani aliyewekwa kwenye mizani ni mtoto. Mara nyingi anayepimwa ni mtu mzima: polisi aliyechukua maelezo, daktari aliyejaza fomu, mwendesha mashtaka aliyesahau kumwita shahidi, hakimu ambaye hakuandika sababu. Mtoto anaweza kusema kweli na kesi ikafa kwa uzembe wetu. Na mtu asiye na hatia anaweza kuozea gerezani kwa uzembe huo huo. Kwa hiyo kumwamini mtoto na kumtendea haki mshtakiwa si kazi mbili zinazogombana. Zote zinamtaka mtu mzima anayeuliza vizuri, anayesikiliza, na anayeandika alichosikia.

Ningekutana na mama yule leo, nisingemwambia "watamwamini". Ningemwambia, "Dada, mwanao keshafanya kazi yake. Tuwaangalie wakubwa."

Siku ile mlango ulifunguliwa, binti akatoka, akaomba maji. Kisha karani akaita jina la mama.