Kipa Mkali, Mbele Butu

Anayefundisha timu ya kata huko Handeni, au vijana wa Korogwe, aitafakari habari ya Coastal Union kabla hajapanga kikosi cha Jumamosi.

Msimu wa 2023/24 Wagosi wa Kaya walikuwa na Ley Matampi langoni, Mkongomani aliyemaliza Ligi Kuu na mechi 15 bila kuruhusu bao. Hata Djigui Diarra wa Yanga, mabingwa wa msimu ule, hakumfikia. Kwa lango la namna hiyo ungedhani 1988 imerudi Tanga, mwaka Coastal walipotwaa ubingwa wa Bara. Wapi! Walishika nafasi ya nne, nyuma ya Azam na Simba kwa pointi zaidi ya 20. Agosti 2024 wakaingia Kombe la Shirikisho Afrika, wakachapwa 3-0 na Bravos do Maquis kule Angola. Marudiano yakaisha 0-0. Walihitaji mabao, wakakosa hata la kufutia machozi.

Watu wa Handeni hawahitaji kuelezwa sana. Mto Pangani unapita Korogwe, na mradi wa maji wa HTM ndio unaoyasukuma maji yake kuyapandisha kwao. Pampu ikizimika, ndoo zinapangwa foleni, na mto umejaa vilevile. Kwa timu, mfungaji ndiye pampu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Sare tatu za bila kufungana zinakupa pointi 3. Ushindi mmoja na vipigo viwili vinakupa 3 hizohizo. Yaani kipa wako ajiue mechi tatu, halafu ulingane na timu iliyofungwa mara mbili!

Taifa Stars waliyaona hayo kwenye AFCON kule Ivory Coast, Januari 2024. Simon Msuva aliifunga Zambia mapema, dakika ya 11, na kabla ya mapumziko Wazambia wakabaki 10 uwanjani. Mpinzani pungufu, muda tele, na bao la pili halikuja. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Mabeki walilaumiwa, kama kawaida yetu, ingawa walikuwa wamelinda bao moja kwa zaidi ya saa nzima. Mechi iliyofuata, dhidi ya DR Congo, ilikuwa 0-0, na Stars wakarudi nyumbani na pointi 2. Bao moja zaidi katika yoyote kati ya mechi hizo mbili lingewavusha.

Chanzo kiko kwenye viwanja vyetu vya vumbi. Mrefu anapelekwa golini, mwenye nguvu beki, na mwenye mbio anaambiwa akae mbele, basi. Kupiga golini kunafanywa mwishoni, giza likiingia, kila mtu anafyatua apendavyo bila beki wa kumsumbua. Siku ya mechi mpira unamkuta amechoka, ana beki mgongoni, na guu lake halijawahi kufundishwa hali hiyo. Ningekuwa mwalimu, nusu ya mazoezi ningeitoa hapo: mshambuliaji akimbizwe kwanza, kisha apige akiwa anahema, huku anavutwa jezi. Na sare ya 0-0 isishangiliwe kama ushindi, maana anayeshangiliwa kwa kutofunga atafunga ya nini?

Mbishi ataniletea hao hao Congo. Kweli, walitoka sare zote tatu za kundi na wakapita, wakiwa wa pili kwa pointi 3. Bahati ya aina hiyo haipangiwi mkakati. Hatua iliyofuata walitoka 1-1 na Misri, wakaenda kwenye penalti hadi zamu ikawafikia makipa wenyewe. Gabaski wa Misri aligonga mwamba. Lionel Mpasi, aliyekuwa amekaa golini jioni nzima, akauweka mpira chini na kufunga: 8-7.