Kikapu Kimoja, Nyumba Mbili

Katika maduka ya Ilford Lane, mashariki mwa London, mpishi wa Kiswahili hapotei. Choroko, adesi na mbaazi zinauzwa kwa mifuko mikubwa. Bamia, mihogo na tangawizi zimepangwa mlangoni. Kwa hiyo swali la kula vyema kwa fedha kidogo laonekana kuwa limekwisha kujibiwa: loweka mbaazi usiku, pika chungu kikubwa, ongeza mboga za majani, kula siku tatu. Ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, unachukulia kwamba fedha zilizomo mfukoni ni za yule anayekula peke yake.

Uingereza imelijadili jambo hili kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1901 Seebohm Rowntree alichapisha utafiti wake juu ya umaskini katika mji wa York. Alikokotoa kiasi cha chini kabisa cha kuuwezesha mwili kufanya kazi, kisha akatenganisha ufukara wa aina mbili: wa wale ambao kipato chao chote hakifikii kiasi hicho, na wa wale ambao kipato kingetosha lau sehemu yake isingekwenda kwenye matumizi mengine, yawe ya maana au ya upuuzi. Rowntree aliujua ukali wa kipimo chake. Alieleza kwamba familia inayoishi kwa kiasi hicho isingeweza hata kumwandikia barua mtoto aliye mbali, kwa kukosa fedha za stempu.

Mhamiaji wa Ilford ndiye mtoto huyo aliye mbali, na barua yake ni fedha. Ada ya mdogo wake Tanga na dawa za mama Mombasa hutoka katika mshahara uleule unaonunua mchicha. Kwa hesabu ya Rowntree, huyu angeingia katika kundi la pili. Kwa maadili yetu, fedha hizo hazikuwa zake tangu mwanzo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini moyo ukitoa, tumbo ndilo linalolipa. Amartya Sen ametufundisha kumtofautisha anayefunga na anayeshinda njaa: wote wawili hawajala, ila mmoja angeweza kula. Je, anayekula mkate mkavu ili atume fedha nyumbani ni mfungaji? Ni kweli kwamba amechagua. Lakini uchaguzi ambao mtu hawezi kuuacha bila kuitwa mchoyo, na ambao wanaonufaika nao hawaijui gharama yake, una kasoro. Mama anayepokea dawa hajaulizwa kama angependa zinunuliwe kwa afya ya mwanawe. Nadhani wengi wangekataa.

Kwa nini basi hatusemi? Kwa sababu tunaogopa masimango. Maadili yetu yanamlaani anayetaja wema wake, na yana haki. Hata hivyo, kusimanga si sawa na kueleza. Masimango huja baada ya kutoa, nayo hukusudia kumdhalilisha aliyepokea. Maelezo hutangulia, nayo humpa mpokeaji nafasi ya kuamua pamoja na mtoaji. La kwanza humfanya ndugu kuwa mdeni. La pili humrudisha kwenye sinia, mahali ambapo kila mkono huona kilichobaki.

Tumezoea kusema kwamba mwili ni amana. Amana hailindwi kwa siri, wala mwenye kuishika hana ruhusa ya kuitumia yote kwa ukarimu. Atakayetueleza bei ya mbaazi ametusaidia. Lakini nyumba mbili zinazolishwa na kikapu kimoja zinahitaji kwanza kuambiana kilichomo ndani yake, na mboga za anayekibeba ziwe katika hesabu hiyo kabla fedha hazijatumwa.