Konje bila mtu wa kukushikia kazi

Mfikirie muuguzi wa kliniki ya binafsi huku Simi-Simi, Kisangani. Asipofika asubuhi, kabati la dawa halifunguki, maana funguo anazo yeye. Akiomba konje, yaani likizo, anaulizwa: “Ukienda, nani atabaki?” Mwajiri ndiye anayeuliza, na mwajiri huyohuyo ndiye mwenye wajibu wa kujibu.

Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi aliotumika, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano kwa mwajiri yuleyule. Kwa anayeanza, mwaka mzima ni siku 12. Chache, tuseme ukweli! Kama mama yako yuko Bumba, safari ya mto peke yake itazila nyingi.

Dereva wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, huyo hana hata wa kumwomba konje. Baiskeli ikilala, na chungu kinalala.

Lakini muuguzi wetu anaweza kusaidiwa. Mwenzake afundishwe miezi kabla ya konje: funguo, daftari la dawa, wagonjwa wa kufuatiliwa. Ifanyike ndani ya saa za kazi, si usiku baada ya zamu. Na kama anayefundishwa ni kijana wa mafunzo, anayefagia na kupima joto bila malipo, basi kwa siku hizo atakazobaki na funguo, alipwe.