Je, Unyenyekevu ni Kunyamaza?

Tumezoea kumsifu mama mnyamavu. Akidhulumiwa akakaa kimya, twasema ana imani. Akisimama kudai haki yake, twanong'ona kwamba ana kiburi. Je, ndivyo Biblia inavyotufundisha?

Tufungue Hesabu 27. Hapo twawakuta dada watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani pasipo kuacha mtoto wa kiume, na jina lake lilikuwa karibu kupotea bila urithi. Wakaenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaomba fungu la ardhi.

Tuangalie jambo ambalo huwa twalipita upesi. Siku ile Waisraeli walikuwa hawajavuka Yordani, wala mashamba yalikuwa hayajagawanywa. Baba zao walikuwa wametaka kurudi Misri, wakafa jangwani kwa kutokuamini. Lakini dada hawa waliomba sehemu ya nchi ambayo hawajaiona, kwa kuwa waliamini kwamba aliyeahidi atatimiza. Ujasiri wao ulizaliwa na imani.

Musa naye hakuwakemea. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, naye Bwana akawapa haki. Katika Yoshua 17 twasoma kwamba walipewa fungu lao.

Nchini kwetu, mwaka 1988, Holaria Pastory wa Muleba, mkoani Kagera, akiwa amezeeka, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Jamaa wa ukoo akapinga, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ile yapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yaikataa mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Hata hivyo sheria haiendi yenyewe barazani. Hapa Kikuyu na vijijini kwetu mjane aweza kuondolewa katika kiwanja au shamba la mtama, akanyamaza akidhani anampendeza Mungu, kumbe anaogopa maneno ya watu.

Wengine watasema, mbona Bwana Yesu alinyamaza mbele ya Pilato? Kweli, alinyamaza, akiutoa uhai wake kwa hiari. Lakini ni yeye aliyetupa mfano wa mjane asiyechoka kumwendea kadhi, Luka 18, tujifunze kuomba bila kukata tamaa.

Basi mama anayedhulumiwa aseme, kwa adabu na bila woga. Nasi tunaoketi kuamua mashauri ya jamaa, tusimwite mkaidi kabla hatujamsikiliza. Tukumbuke kwamba hata Musa hakutoa jibu mpaka alipomwuliza Bwana.

Mungu atujalie imani iliyo na ujasiri. Amina.