Umejuaje?

Usukumani, kusini mwa Ziwa Victoria, lipo swali ambalo kutoulizwa kwake kumegharimu maisha ya watu. Bibi kizee alionekana ana macho mekundu, jirani akasema huyo ni mchawi, na usiku wakaja watu na mapanga. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, maana katika nchi iliyoishiwa miti ndicho kilichotumika kukoka moto wa jikoni. Mwanazuoni Simeon Mesaki ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani. Miaka ya 2000 uvumi mwingine ukapita kwenye machimbo ya dhahabu na kandokando ya Ziwa Victoria, kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, na shule ya Buhangija, hapo Shinyanga mjini, ikawa kimbilio la watoto waliokuwa wakiwindwa. Naanza na mambo mazito hivi kwa sababu nataka kutetea jambo linaloonekana dogo: gazeti la wanafunzi, hata likiwa kurasa nne zilizobandikwa ubaoni katika shule ya kata kule Ibadakuli. Nasema gazeti hilo ni malezi ya dhamiri, na kwamba shule isiyo nalo, au isiyo na kitu kinachofanya kazi yake, imeacha sehemu ya wajibu wake wa kimaadili.

Tumezoea kuuhesabu ukweli kuwa sifa ya moyo: mtu mkweli ni yule asiyesema asichokiamini. Lakini wengi waliomnyooshea kidole yule bibi hawakuwa waongo. Waliamini walichokisema, na imani yao ndiyo iliyoua. Mwaka 1877 mwanafalsafa wa Uingereza, W. K. Clifford, alitoa mfano wa mwenye meli aliyejituliza mpaka akaamini kwa dhati kwamba meli yake chakavu ni salama, akaipeleka baharini na watu wakazama. Clifford alimhesabia hatia, kwani hakuwa na haki ya kuamini vile pasipo kuichunguza meli. Dini zetu zilikuwa zimekwisha kufika hapo zamani. Torati inakataza kumhukumu mtu kwa ushahidi wa mmoja. Sura ya Al-Hujurat inawaamuru waumini kuichunguza habari inayoletwa na mtu mpotovu, na sababu yake ni kuwaepusha wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Katika mafundisho yote mawili anayelindwa ni yule anayesemwa, ambaye mara nyingi hayupo pale anaposemwa. Basi kuhakiki ni ibada, lakini pia ni ufundi, na ufundi haupatikani kwa kuhubiriwa. Mtu hajui kulima kwa kuambiwa kwamba jembe ni jema.

Darasani ufundi huu haufundishwi sana. Jibu la fizikia limekwisha kuhakikiwa na wengine, na mwanafunzi anatakiwa alikumbuke siku ya mtihani wa kidato cha nne. Mdahalo unanoa ulimi, ila unamzoeza mtu kutetea upande aliopangiwa. Jumuiya za wanafunzi Wakristo, UKWATA na TYCS, zinalea imani, na klabu za wapinga rushwa zinafundisha ubaya wa rushwa, nami siwezi kuzibeza. Gazeti lina jambo lake la pekee: linamlazimisha kijana aandike kuhusu watu atakaokutana nao kesho bombani. Tuseme mwanafunzi wa kidato cha tatu ameandika kwamba maharage ya mchana yamepungua kwa sababu mtunza stoo anayauza. Mhariri, mwenzake wa dawati moja, anamuuliza: umejuaje? Nani aliona? Yaliingia magunia mangapi? Na mtunza stoo mwenyewe amesemaje? Mara nyingi habari inakufia hapo, na kufa huko ndiko kufaulu kwa gazeti. Ikisalimika, inatoka na jina la mwandishi. Ikibainika ana kosa, masahihisho yanabandikwa mahali palepale. Kazi hii inahitaji klabu, kwa sababu ni vigumu mno mtu kuitilia shaka imani yake mwenyewe akiwa peke yake. Na hili si geni kwa Wasukuma. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyoshindana vizazi na vizazi, vimewazoeza vijana kujipima mbele ya kundi jingine lenye macho makali.

Yapo mapingamizi yenye uzito. La kwanza linasema watu waliosoma nao huwaendea waganga, kwa hiyo shule haitibu kitu. Ni kweli, na ndiyo sababu siitetei elimu kwa jumla bali zoezi hili mahsusi. Aliyefaulu baiolojia hajawahi kulazimika kumuuliza jirani anayetuhumiwa. La pili linasema mtoto anayezoea kuuliza "umejuaje" atamkosea adabu mkubwa, mwishowe aihoji hata imani ya wazazi wake. Nalichukulia hili kwa heshima, kwa kuwa heshima ndiyo iliyotulea. Lakini imani inayoamuru uchunguzi haiwezi kuchafuliwa na uchunguzi, na wazee waliochinjwa usiku walikuwa wakubwa pia; swali hilo lingewalinda kuliko shikamoo zote. Pingamizi la tatu ni la wenye mamlaka. Mwaka 1970 serikali ililifunga Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nchi ikiwa chini ya Rais Nyerere yuleyule ambaye miaka mitatu kabla, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Naona alikuwa sahihi katika andiko kuliko serikali yake ilivyokuwa katika tendo.

Hata hivyo sidai gazeti la watoto liachwe bila mwalimu mlezi. Alisome kabla halijabandikwa, na anapotaka kufuta jambo aulize swali lile lile wanaloulizana wanafunzi wenyewe. Aya isiyo na shahidi aifute bila kusita. Yenye mashahidi watatu na maelezo ya mtunza stoo aiache ipite, hata kama mkuu wa shule hataifurahia. Kipengele ambacho asikubali kiachwe kamwe ni hicho cha kwenda kumsikiliza anayesemwa, kwani kati ya wote waliozungumza juu ya yule bibi, hakuna aliyekwenda jikoni kwake mchana, akaketi kwenye moshi, akamuuliza macho yamepatwa na nini.